Mafaili ya siri kwenye kompyuta ya nyumba nzima: kasoro na sababu zake

Kompyuta ya ukumbini ina wenyewe wengi. Mtoto wa kidato cha nne anafanyia kazi zake za skuli, mama ameweka hesabu za upatu, baba ana hati ya shamba na risiti za karafuu alizozipiga picha, na dada aliyeolewa mwaka huu ana picha za siku alipopambwa, zilizopigwa kwa sharti la kuonwa na wanawake tu. Kutaka kuvifunga vitu kama hivi si dalili ya ubaya. Aya ya 58 ya Surat An-Nur inawataka hata watumishi na watoto ambao hawajabaleghe waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya isha. Hao ni watu wa ndani ya nyumba hiyo hiyo. Staha hiyo inafaa ifike mpaka kwenye kompyuta.

Nitazungumzia Windows 10 na 11, kwa kuwa ndizo zilizoenea majumbani, na maneno ya menyu nitayaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini. Kabla ya kufuata dalili yoyote hapa chini, jibu kwanza: unamzuia nani? Mdogo wako anayepekua kwa udadisi huzuiliwa na kitu chepesi. Mtu mzima mwenye akaunti ya msimamizi anataka kinga nzito zaidi. Mwizi aliyeondoka na kompyuta, au mtu yeyote anayekaa nayo peke yake siku tatu, hazuiliwi na chochote isipokuwa usimbaji, yaani kuyageuza yaliyomo yasisomeke bila ya nenosiri. Kasoro nyingi hutokana na mtu kuweka kinga ya yule wa kwanza ilhali anayemhofia ni wa tatu.

Folda uliificha, na watu wanaiona

Ukiingia Properties ya folda na ukatia alama kwenye Hidden, hujafunga kitu. Umeiambia Windows isiioneshe kwa anayetazama kwa kawaida, basi. Yeyote atakayefungua View na kutia alama Hidden items ataiona, imefifia kidogo tu. Kwenye Windows 11 chaguo hilo limo ndani ya View, kisha Show. Watoto wa skuli wanalijua hili kuliko wazee wao. Kuipa folda jina la kupoteza lengo, kama "Mitihani ya zamani", hakusaidii zaidi ya hapo.

Dalili inayofanana na hiyo: folda yenyewe haionekani, lakini majina ya yaliyomo yanajitokeza. Mtu anafungua Word aandike barua ya sheha, na hapo limejipanga jina la faili "Majibu ya vipimo". VLC nayo inakumbuka video za mwisho, na ukurasa wa mwanzo wa File Explorer unaonesha yaliyofunguliwa karibuni. Kila programu ina kumbukumbu yake, wala haijali kama folda imefichwa. Fungua Folder Options, na chini ya Privacy ondoa alama ya kuonesha mafaili ya karibuni, kisha bofya Clear. Word na VLC husafishwa kila moja kivyake. Lakini kusafisha kila siku kunachosha, na siku moja utasahau. Dawa ni kila mtu kuwa na akaunti yake ya Windows, maana kumbukumbu hizi hukaa ndani ya akaunti.

Kila mtu ana akaunti yake, na bado mtu anaingia

Angalia aina za akaunti: Settings, Accounts, halafu orodha ya watumiaji wengine. Katika nyumba nyingi zote ni Administrator, kwa sababu aliyeziunda alitaka kila mmoja aweze kuweka programu. Msimamizi akigusa folda yako huulizwa tu kama anataka kuendelea. Akibofya Continue anapata ruhusa ya kudumu. Bakisha msimamizi mmoja anayeaminiwa na nyumba nzima, wengine wote wawe Standard. Hata huyo mmoja ajifanyie akaunti ya kawaida kwa matumizi ya kila siku.

Akaunti, hata zikipangwa vizuri, hazilindi diski. Mtu akiiwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, mfumo mwengine wa kuendeshea kompyuta, na diski haikusimbwa, anasoma kila kilichomo ndani ya C:\Users bila ya kuulizwa nenosiri la mtu.

Hapo ndipo wengi hujaribu chaguo la "Encrypt contents to secure data", lililomo ndani ya Properties, Advanced, na kulikuta limefifia, halibofyeki. Sababu ni toleo: huduma hiyo, iitwayo EFS, haimo kwenye Windows Home. Andika winver kwenye kisanduku cha kutafutia ujue unayo ipi. Aliye na Pro ajue hatari yake: ufunguo wa EFS umefungamana na nenosiri la akaunti. Ukilibadilisha mwenyewe hapana tatizo. Msimamizi akikuwekea jipya kwa sababu umelisahau la zamani, au fundi akipiga Windows upya, mafaili yatabaki pale pale, majina yataonekana, na hayatafunguka tena, isipokuwa kama uliwahi kutoa nakala ya cheti chako cha EFS, faili linalobeba ufunguo huo, na kuiweka kwengine. Mtu wa nyumbani simshauri EFS.

Kinachofaa nyumba nyingi ni 7-Zip, programu ya kubana mafaili na kuyafunga kwa nenosiri, kwa mafaili machache yasiyobadilika, na VeraCrypt, programu ya usimbaji, kwa folda inayofanyiwa kazi kila siku. Zote ni za bure. VeraCrypt ilianza 2013 kutokana na TrueCrypt, ambayo watengenezaji wake waliiacha 2014. Hutengeneza kasha: faili moja kubwa ambalo ukilifungua kwa nenosiri linaonekana kama diski mpya, tuseme M:, na ukilifunga halisomeki hata na aliyeichukua kompyuta nzima. Kuiweka kwenye kompyuta kunahitaji nenosiri la msimamizi, kwa hiyo zungumzeni nyumbani kwanza. Nyumba ambamo kila mtu anajua kuwa kila mtu ana kasha lake huwa na minong'ono michache kuliko nyumba ambamo mmoja amekamatwa akificha.

Umefunga kwa 7-Zip, na siri imevuja

Tazama kwanza kama lile faili la asili bado lipo. 7-Zip hutengeneza nakala iliyofungwa, haiondoi ya wazi. Wengi hufunga, wakaridhika, na picha zile zile zimekaa kwenye Pictures. Na ukizifuta, zimo kwenye Recycle Bin. Ukiisafisha, kwenye diski ya zamani ya kuzunguka bado zinaweza kufufuliwa kwa programu za bure. Amri ya cipher /w:C:\, inayoandikwa kwenye dirisha la amri (Command Prompt), huandika juu ya nafasi tupu ili mabaki hayo yasifufuke. Huchukua muda mrefu, basi iache ifanye kazi usiku. Kwenye diski za SSD, zile mpya zisizozunguka, usiitegemee, kwa sababu diski hizo zina namna yao ya kupanga data. Njia salama zaidi ni kutengeneza kasha kwanza na kuzihamishia picha humo moja kwa moja kutoka kwenye simu au kamera, zisipite kwenye diski ya wazi hata mara moja.

Pili, majina. Ukichagua muundo wa zip, yaliyomo hufungwa lakini orodha ya majina inasomeka na yeyote, na "Talaka_rasimu.docx" ni habari tosha kwa jina lake. Chagua 7z na utie alama Encrypt file names. Ukilazimika kutumia zip, badilisha njia ya usimbaji kutoka ZipCrypto kwenda AES-256. Ile ya kwanza ni dhaifu na huvunjwa.

Tatu ni umeme, na hapa visiwani jambo hili lina uzito wake. Umeme wetu unapita chini ya bahari, kutoka bara hadi Fumba kwa Unguja na kutoka Tanga kwa Pemba, na waliokuwepo Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 hawahitaji kuelezwa maana ya kukatika. Ukifungua waraka ukiwa ndani ya 7-Zip, programu hutoa nakala ya wazi na kuiweka kwenye folda ya muda, Temp, ndani ya folda yenye jina linaloanza na 7zO. Ukifunga kwa utaratibu, nakala hiyo hufutwa. Umeme ukikatika katikati, inabaki, wazi kabisa, na mabadiliko uliyoyafanya hayakuingia kwenye faili lililofungwa. Baada ya kila kukatika kwa ghafla andika %TEMP% kwenye mstari wa anwani wa File Explorer, tafuta folda za 7zO, okoa kazi yako, kisha zifute. Word pia huacha nakala zake za kuokolea.

Kwa sababu hiyo waraka unaoandikwa kila siku, kama mitihani ya mwalimu au utafiti wa mwanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, uwekwe kwenye kasha la VeraCrypt. Humo hakuna kutolewa na kurudishwa: kinachoandikwa kwenye M: husimbwa palepale, na umeme ukikatika kasha hujifunga lenyewe. Ila mfumo wa ndani unaweza kuumia, kwa hiyo wakati wa kulitengeneza kasha chagua NTFS badala ya FAT (hizi ni namna za kupanga mafaili kwenye diski), inavumilia zaidi. Likifunguka na kulalamika, bofya herufi yake kwa kitufe cha kulia ndani ya VeraCrypt na uchague Check Filesystem, kisha ya kukarabati. Kabla ya kukarabati nakili kasha zima pembeni.

Nenosiri ni lile lile, na linakataliwa

Usianze kukata tamaa, na usifute kitu. VeraCrypt ina ujumbe mmoja tu kwa makosa mengi tofauti, kwamba nenosiri si sahihi au hili si kasha lake, kwa hiyo ujumbe wenyewe hautakuambia kosa liko wapi.

Katika nyumba zetu mimi huanza na lugha ya kibodi. Kompyuta ambayo mtu huandikia masomo ya madrasa ina kibodi ya Kiarabu pamoja na ya Kiingereza, na vidole vikigusa Alt na Shift kwa pamoja, lugha hubadilika kimya kimya. Kisanduku cha nenosiri kinaonesha nukta tu, basi unaandika herufi za Kiarabu bila ya kujua. Tazama alama ya lugha karibu na saa, au tia alama Display password uone unachoandika. Na jambo hili lina upande wa pili pia: kama kasha lilitengenezwa siku ambayo Kiarabu kilikuwa kimewashwa, litafunguka kwa Kiarabu tu. Halafu Caps Lock. Halafu Num Lock, kama nenosiri lina tarakimu na unaziandika kwa vitufe vya pembeni mwa kibodi.

Yote yakiwa sawa, jiulize kama uliweka PIM, ile namba ya ziada ya VeraCrypt. Lazima iandikwe ile ile kila mara. Jiulize tena kama ulitumia faili la ufunguo, yaani ulichagua picha au wimbo uwe sehemu ya nenosiri. Mtu akiifungua picha hiyo, akaikata pembe na kuihifadhi, si ufunguo tena.

Baada ya hapo linabaki kasha lenyewe kuharibika mwanzoni, sehemu inayobeba ufunguo. VeraCrypt huweka nakala ya sehemu hiyo mwishoni mwa kasha. Chagua faili, ingia Volume Tools, kisha Restore Volume Header, na ukubali nakala iliyomo ndani ya kasha. Hii imeokoa wengi. Isipokubali, hakuna fundi, si wa Darajani wala wa Dubai, atakayelifungua, na anayekuahidi hivyo kwa pesa usimlipe.

Kama kasha linafunguka lakini linachukua dakika nzima, si ugonjwa. Programu inarudia hesabu yake mara 500,000 kwa makusudi ili anayebahatisha achoke, na ikiachwa kwenye Autodetection inajaribu njia zote moja moja. Ichagulie ile uliyotumia, kwa kawaida SHA-512.

Skrini ya buluu inataka tarakimu 48

Umeiwasha kompyuta asubuhi, na badala ya Windows kuna maandishi ya BitLocker, usimbaji wa diski uliomo ndani ya Windows, yanayodai ufunguo wa kurejesha. Mara nyingi imetokea baada ya sasisho la BIOS (programu ya kuiwashia kompyuta), kubadilishwa kipande, au mtu kuchezea mpangilio wa kuwasha. Wenyewe huapa kwamba hawajawahi kusimba kitu, nao wanasema kweli: kwenye kompyuta nyingi mpya Windows husimba diski yenyewe mara tu mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na hupeleka ufunguo kwenye akaunti hiyo.

Akaunti ya nani? Hapo ndipo penye shida. Kompyuta nyingi zimeandaliwa dukani au na fundi, na aliyeziandaa ametumia barua pepe yake mwenyewe ili kazi iishe upesi. Ufunguo wa diski yenu uko kwake, na pengine hajui. Mtafuteni aliyeiandaa, aingie kwenye ukurasa wa akaunti yake ya Microsoft, sehemu ya vifaa, aangalie ufunguo wenye kitambulisho kinacholingana na kilichoandikwa kwenye skrini.

Kama bado kompyuta inawaka vizuri, fanya hili leo. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: na unakili zile tarakimu 48 kwenye karatasi. Jambo jengine la kukumbuka: usimbaji huu unazuia mwizi na diski iliyong'olewa. Haumzuii mtu wa nyumbani, kwa sababu Windows ikishawaka diski nzima iko wazi kwa kila mwenye ruhusa.

Picha zimetokea kwenye simu ya mtu mwengine

Nyumba nzima inatumia akaunti moja ya Microsoft, au ya Google. OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ikiwashwa hubeba Desktop, Documents na Pictures, na simu yoyote iliyoingia akaunti hiyo huzipokea. Tenganisheni akaunti. Kuzifuta kwenye kompyuta hakumalizi kazi: kapu la OneDrive hukaa nazo siku 30, na la Google Photos hadi 60, mpaka mtu aingie alisafishe.

Folda zimejificha zenyewe kwenye flashi

Flashi imetoka steshenari ulikochapisha, na sasa badala ya folda zako kuna njia za mkato tupu, au jina moja la flashi yenyewe. Ni kirusi, kimezipa folda zako alama ya kufichwa na kuweka vivuli vyake. Usibofye hata kimoja. Fungua dirisha la amri, na kama flashi ni E: andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na usubiri. Zikitokea, zinakili, chunguza kompyuta kwa Windows Security, kisha isafishe flashi upya.

Nakala ya akiba haina kazi ya juzi

Kasha la VeraCrypt halibadiliki ukubwa, na kwa mpangilio wake wa kawaida halibadilishi hata tarehe. Programu ya kunakili inayolinganisha ukubwa na tarehe huona hakuna jipya na kulipita. Ondoa alama ya kuhifadhi tarehe ya kasha ndani ya Preferences, na unakili kasha likiwa limefungwa. Flashi ikikataa kasha lililozidi GB 4, imeundwa kwa FAT32. Iunde upya kwa exFAT, baada ya kutoa vilivyomo.

Fundi anataka paswedi

"Kaka, niachie na paswedi, nitakupigia ikiwa tayari." Kama ni skrini, kibodi au feni, hahitaji. Kama ni Windows, mpe ya Windows bila ya wasiwasi ikiwa siri zako zimo ndani ya kasha lililofungwa. Lakini kabla hujatoka nyumbani nakili kasha kwenye flashi, maana hatari kubwa ya fundi si kuchungulia. Ni kusafisha diski kwa nia njema.

Nenosiri limesahaulika, au mwenyewe hayupo

Hii ndiyo dalili isiyo na dawa baada ya kutokea, kwa hiyo inatibiwa kabla. Usichukue jina la kanga wala methali. Kila mtu hapa anayajua, na anayebahatisha ataanza na hayo. Chukua maneno sita yasiyohusiana, yaliyookotwa kwa kubahatisha kurasa za kamusi, na uyaandike kwa mkono. Kwa picha za faragha, karatasi hiyo ni yako peke yako. Kwa hati ya shamba, hesabu za upatu na karatasi za madeni, weka nenosiri tofauti kwenye kasha tofauti, maana siku ya kugawa mirathi watu watazihitaji, na deni la marehemu lililofungiwa ndani ya kasha halitajulikana wala kulipwa. Hilo liandike, litie kwenye bahasha, na mpe mtu unayemwamini asiyeishi nyumba hiyo, dada yako wa Wete au mjomba wa Makunduchi.

Ndani ya bahasha usitie nenosiri peke yake. Andika jina la programu, faili liko wapi na linaitwaje, PIM kama ipo, lugha ya kibodi, na zile tarakimu 48 za diski. Kisha ifungue mwenyewe siku moja, ukiwa mzima, na ulifungue kasha kwa kusoma karatasi hiyo tu, neno kwa neno, kama vile hujui chochote kingine.